Mashine ikikataa jina, mtu asikataliwe

Juma hili naomba tuongelee jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema halituhusu: namna programu za kompyuta zinavyopimwa kabla ya kuletwa kwetu, na namna kazi hiyo ya kupima inavyoachiwa sasa akili bandia, ile ambayo waliosoma Kifaransa wanaita IA. Nitasema mapema ninachofikiri, kisha nieleze sababu. Mashine kupima mashine si kosa. Kosa ni kuipima bila kuuliza yale maswali ambayo wahami ndio wanayajua.

Nianze na mama mmoja. Nitamwita Mama Furaha, si jina lake la kweli. Anaishi katika wilaya ya Kalehe, kandokando ya ziwa Kivu, kwa jamaa waliompokea yeye na watoto wake watano. Mwaka jana shirika moja lilikuja kuandikisha familia za wahami kwa ajili ya pesa za chakula, zile zinazotumwa kwa simu. Vijana waandikishaji walikuwa na tablete. Mama Furaha alipanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Zamu yake ilipofika, kijana aliandika jina, akafinya, na tablete ikaonyesha maandishi mekundu.

“Mama, jina yako inakataa,” kijana alimwambia.

“Inakataa je? Ni ile baba alinipa.”

Wenyeji wa Kivu ya Kusini mmekwisha kuelewa. Kwa Bashi, majina mengi ya wanawake yanaanza na M, kisha apostrofu, kisha jina la mzazi. Ni jina linalosema wewe ni binti ya nani. Ile programu haikutaka apostrofu katika nafasi ya jina. Kijana hakuwa mtu mbaya. Nyuma ya Mama Furaha kulikuwa na mstari mrefu, jua lilikuwa linapanda, naye alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: aliondoa apostrofu, akaunganisha herufi, na tablete ikakubali. Kila mtu akashukuru Mungu.

Siku ya kupokea pesa ilipofika, jina kwenye orodha lilikuwa moja na jina kwenye karte ya uchaguzi lilikuwa lingine. Mnajua kwamba kwetu karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho. “Hii karte si ya huyu mtu,” aliambiwa. Akatumwa kwenye meza ya malalamiko. Pale pia kulikuwa na tablete, na lalamiko linaanza kwa kuandika jina lako kamili kama lilivyo kwenye karte. Jina likakataa tena. Alirudi mara nne. Kwa miezi miwili familia ile iliishi kwa unga wa kukopa, na Mama Furaha aliuza vitenge vyake viwili.

Nilipomfikia mkubwa mmoja wa mradi ule ili kumuuliza, alinijibu kwa upole. Alisema programu ile ilikuwa imepimwa kabla ya kutumiwa, na majaribio yote yalipita. Nilimuuliza ni nani aliyeipima. Akafikiri kidogo, akasema: “Kwa kweli si mtu. Ni programu nyingine inayofanya hiyo kazi.”

Jibu hilo lilinisumbua siku nyingi, ndiyo maana nilitafuta kuelewa. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, polepole, kwa sababu jambo lenyewe si gumu.

Mtu anapotengeneza ukurasa wa intaneti wa kuandikisha watu, lazima ahakikishe kwamba unafanya kazi. Zamani alikaa mwenyewe, anaandika jina la majaribio, anafinya hapa, anafinya pale, anaangalia kama neno “umeandikishwa” linatokea. Lakini kila anapobadilisha kitu kidogo, anapaswa kurudilia yote tangu mwanzo, na mwanadamu huchoka. Ndiyo sababu vilitengenezwa vyombo vya kufanya kazi hiyo vyenyewe. Kimoja kinachojulikana sana kinaitwa Selenium; kilianzishwa mwaka 2004 na Jason Huggins, alipokuwa akifanya kazi Chicago. Kingine kinaitwa Playwright, kimetolewa na Microsoft mwaka 2020. Mtengenezaji anaandika hatua moja baada ya nyingine: fungua ukurasa, andika jina hili, andika tarehe hii, finya “tuma”, angalia kama neno fulani limetokea. Chombo kinafuata hatua hizo chenyewe, kwa haraka kuliko macho yetu, hata mara mia kwa siku. Mwishoni kinatoa rangi: kijani ni sawa, nyekundu si sawa.

Kwetu redioni tunakijua kitu cha namna hiyo. Kila asubuhi kabla ya habari fundi wetu anakaribia mikrofoni na kusema “moja, mbili, moja, mbili”. Sauti ikitoka, tunaendelea. Ni jaribio zuri. Lakini siku tunapoenda kutangaza moja kwa moja kutoka sokoni, penye upepo na pikipiki na watu wanaogombana juu ya bei ya sambaza, ile “moja, mbili” ya studio haitusaidii kitu. Mikrofoni ni nzima. Ni kwamba hatukuipima mahali itakapofanyia kazi.

Sasa tuje kwenye jambo jipya. Neno ajenti sisi tunalijua: ni mtu wa shirika mwenye jile na kalamu. Siku hizi kuna ajenti ambaye si mtu. Ajenti wa akili bandia haitaji kuandikiwa kila hatua. Unamwambia kwa maneno ya kawaida: “Jaribu kuandikisha familia ya watu sita,” naye anatafuta njia mwenyewe, anasoma ukurasa, anaandika, anafinya, kisha anakuletea ripoti. Mwezi wa kumi mwaka 2024, kampuni ya Anthropic ilionyesha akili bandia inayotumia kompyuta kama mtu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, OpenAI nayo ilitoa ya kwake ya kuzunguka katika kurasa za intaneti. Mwaka huohuo Microsoft ilitengeneza njia ya kuwaruhusu ajenti hawa watumie Playwright moja kwa moja.

Kuna kitu kimoja katika njia hiyo ya Microsoft ambacho kilinifurahisha. Ajenti haangalii picha ya ukurasa. Anasoma orodha ya vitu vilivyomo na majina yake: hapa kuna nafasi ya jina, hapa kuna kifungo cha kutuma. Ni orodha ileile ambayo simu au kompyuta humsomea kipofu kwa sauti. Maana yake, kifungo kisicho na jina ni shida kwa kipofu na ni shida kwa ajenti pia. Kama watengenezaji wataanza kuweka majina kwenye vifungo vyao ili mashine zao zione, ndugu zetu vipofu watafaidika. Kwa hiyo nisieleweke vibaya: sipingi vyombo hivi. Vinaweza kutusaidia.

Nataka niwasimulie nilichokiona kwa macho. Nina rafiki aliyesomea kompyuta Bukavu. Nilimweleza habari ya Mama Furaha, akaniambia: “Njoo nikuonyeshe.” Alitengeneza fishi ndogo ya mazoezi, ya kuandikisha familia, isiyo ya shirika lolote. Kisha akamwambia ajenti aijaribu. Ajenti aliandika jina la kizungu, tarehe ya kuzaliwa kamili, namba ya simu, watoto wawili. Akatuma. Ikakubaliwa. Ripoti ikasema fishi inafanya kazi vizuri.

“Sasa wewe uliza,” rafiki yangu aliniambia.

Tulikaa tukaandika maswali pamoja. Je, mtu mwenye apostrofu katika jina? Je, mtu mwenye jina, posnomu na prenomu, kama sisi wote, akiwa mbele ya fishi yenye nafasi mbili tu? Je, mzee asiyejua siku aliyozaliwa? Kwa wazee wengi huwa wanaandika tarehe 1 mwezi wa kwanza, basi unakuta watu wengi wana siku moja ya kuzaliwa. Je, wanawake wawili wenye jina moja na tarehe hiyohiyo moja? Je, bibi anayelea wajukuu wanane, wazazi wao wakiwa hawajulikani walipo? Je, mama anayetumia simu ya shemeji yake, pamoja na majirani wawili? Je, rezo ikikatika katikati ya kazi?

Ajenti hakulalamika. Alijaribu yote, moja baada ya nyingine, na muda haukuwa mrefu. Apostrofu ilikataliwa. Nafasi za posnomu hazikuwepo. Wale wanawake wawili wa jina moja, fishi ilisema wa pili “amekwisha kuandikishwa”. Simu moja ya familia tatu, ilikubali familia ya kwanza tu. Na tulipokata rezo katikati, kila kitu kilichoandikwa kilifutika, bila hata neno moja la kumwambia mtu kwamba kimefutika.

Rafiki yangu alitikisa kichwa. “Mimi mwenyewe ni mtoto wa hapa,” alisema, “na nilitengeneza bila kufikiri hayo.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Chombo kina uwezo. Playwright inaweza kujifanya simu ndogo, inaweza kujifanya iko mahali pasipo rezo, inaweza kubadilisha lugha. Ajenti anaweza kujifanya bibi wa wajukuu wanane. Lakini hafanyi hivyo mpaka mtu amwombe, na mtu anayeketi katika ofisi mbali na hapa hawezi kuomba kitu ambacho hajawahi kukiona. Anaandikia majaribio mtu anayefanana naye: mwenye majina mawili, mwenye tarehe ya kuzaliwa, mwenye simu yake mwenyewe, mwenye umeme. Majaribio yanapita yote. Kisha programu inakuja Kalehe.

Kuna jambo lingine la kuangalia. Siku hizi akili bandia inaandika programu, na akili bandia hiyohiyo inaandika majaribio ya kuipima. Katika Playwright, tangu mwaka 2025, kuna ajenti watatu: mmoja anapanga majaribio, wa pili anayaandika, wa tatu anayatengeneza yanapokataa. Huyo wa tatu ana kazi ya haki, kwani mara nyingi jaribio linakataa kwa sababu tu kifungo kimehamishwa. Anaanza tena mpaka jaribio lipite, au akiona kwamba programu yenyewe ndiyo mbovu, analiweka jaribio pembeni. Sasa nawauliza walimu mnaonisoma: mwanafunzi akiandika maswali ya mtihani, akajibu mwenyewe, akasahihisha mwenyewe, na swali lililomshinda akaliweka pembeni, pointi zake mtaziamini? Labda ni mwanafunzi mwaminifu. Lakini kabla ya kumpa diploma mtataka mtu mwingine aangalie zile karatasi zilizowekwa pembeni.

Mtu atasema, haya ni mambo ya nchi maskini, wakubwa hawakosei namna hiyo. Si kweli. Tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 2013, Marekani ilifungua ukurasa wa HealthCare.gov, ili raia wapate bima ya afya. Ni nchi yenye pesa na mafundi. Siku ya kwanza watu 6 tu ndio waliofaulu kumaliza kujiandikisha. Baadaye makampuni yaliyotengeneza ukurasa huo yaliwaambia wabunge kwamba kuupima wote kwa pamoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulifanyika katika majuma mawili ya mwisho tu. Kila kipande kilikuwa kimepimwa peke yake. Hakuna aliyefuata mapema njia nzima ambayo raia angepita.

Na Uingereza kulikuwa na jambo baya zaidi. Posta yao ilitumia programu ya hesabu inayoitwa Horizon. Programu hiyo ilionyesha pesa zimepungua katika maduka madogo ya posta, na wenye maduka walisema hawakuiba. Waliamini mashine, hawakuamini watu. Kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mwaka 2019 mahakama ilikubali kwamba programu ile ilikuwa na kasoro, na ni mwaka 2024 tu ambapo bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Mashine inapogombana na mtu mdogo, wengi husimama upande wa mashine. Mama Furaha aliambiwa “hii karte si ya huyu mtu” mbele ya majirani zake. Kwa wengine pale, hilo lilisikika kama kumwita mwizi.

Bado sijasema lile linalonitia hofu zaidi, nalo ni majina yetu yenyewe. Ajenti anapopima ukurasa, anasoma kile kilichoandikwa humo. Mara nyingi akili yake haipo ndani ya kompyuta iliyo mezani. Ipo katika mashine kubwa za kampuni, katika nchi nyingine. Kwa hiyo, kama mtu mvivu atampa ajenti orodha ya kweli ya wahami ili apime kwa haraka, majina ya familia zetu, namba zao za simu na vijiji walivyokimbia vinasafiri bila wenyewe kuulizwa. Hapa kwetu orodha inayosema nani amekimbia kutoka wapi na analala wapi si karatasi ya kuchezea. Watu wanajua kwa nini nasema hivyo, sihitaji kuongeza.

Hata waliozoea kulinda siri wameshaumia. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa intaneti waliingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, kati yao familia zilizopotezana kwa sababu ya vita na maafa. Ni ile kazi ya kuwatafutia watu ndugu zao, ambayo wengi wenu mliipitia. Walitangaza wenyewe hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini fundisho ni kwamba orodha ya watu wanaoteseka lazima ishikwe kama mtoto mchanga, na mtu asiyehitaji kuishika asipewe.

Nimesikia majibu ya upande mwingine, na ni haki niyataje. La kwanza ni la haraka: watu wana njaa leo, hakuna muda wa kukaa na wahami kutafuta maswali. Ninaelewa. Mwaka 2023, mwezi wa tano, maji na matope yalipofunika Bushushu na Nyamukubi hapa Kalehe, na mamia ya watu wakafa, hakuna mtu angekubali kungoja programu ipimwe. Lakini siku kama hizo watu waliandikwa kwenye daftari kwa kalamu, na daftari halikatai apostrofu. Programu inapoletwa, huwa imepangwa kwa miezi mingi katika ofisi. Katika miezi hiyo, asubuhi moja ya kukaa na akina mama watano haipatikani kweli?

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini: hawa watu hawajui kompyuta, watatuambia nini? Kwa hilo nitajibu kwamba hatukuombwa kujua kompyuta. Tumeombwa kujua maisha yetu, na hayo tunayajua kuliko mtu yeyote. Mama Furaha hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Lakini nilipomuuliza ni mambo gani mengine yanaweza kukataa katika ile tablete, aliniorodheshea saba bila kupumua. Mojawapo sikuwa nimelifikiria kamwe: wanawake waliolima miaka mingi, ama wanaovunja mawe, vidole vyao vimechakaa, mashine haisomi alama ya kidole. Hilo ajenti wa akili bandia hatalijua hata ukimpa mwaka mzima, kwa sababu hana vidole.

Jibu la tatu ni la rafiki yangu, naye ana haki. Alisema: “Usiwatishe watu. Bila vyombo hivi makosa yangekuwa mengi zaidi, kwa sababu hakuna mtu angejaribu mara mia.” Ni kweli, na ndiyo sababu siombi viachwe. Naomba vitumiwe kwa maswali yetu. Swali likishaandikwa mara moja katika majaribio, linabaki pale. Kila programu ikibadilishwa, apostrofu ya Mama Furaha itajaribiwa tena, hata yeye akiwa amesharudi kijijini kwake na kusahau. Mwanadamu husahau, chombo hakisahau. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, nasi tuitumie.

Kwa hiyo naweka hapa maombi matano, kwa mashirika ya kiutu, kwa viongozi wetu, na kwa vijana wetu wanaotengeneza programu.

La kwanza: kabla ya programu ya kuandikisha kutumiwa, wahami wachache wa mahali penyewe, wanawake na wazee na walemavu wakiwemo, wakae na watengenezaji na kusema ni nini kinaweza kukataa. Maneno yao yaandikwe kuwa majaribio, kisha wasomewe matokeo kwa Kiswahili.

La pili: baada ya ajenti kumaliza, watu wa kweli wajaribu kwa simu zetu hizi zenye kioo kilichopasuka, kwa rezo yetu hii, si kwa ile ya ofisini.

La tatu: majina ya kweli ya wahami yasitumiwe kwa majaribio hata siku moja. Majina ya kubuni yanatosha, mradi yafanane na majina yetu.

La ine: mtu mwenye jina, si mashine, aweke sahihi kwamba programu imepimwa, na aseme ni majaribio gani yaliwekwa pembeni. Shida ikitokea tujue tumuulize nani.

La tano, na kwangu ndilo kubwa: pembeni ya kila tablete kuwe na daftari na kalamu. Mashine ikikataa jina, jina liandikwe kwenye daftari kama lilivyo, mtu apewe jetoni yake aende nyumbani, na shida ya mashine itatuliwe na wenye mashine. Asirudishwe na neno “rudi kesho”. Kesho hiyo inalipwa na nani?

Kwenu wahami, nina neno moja. Siku mtakapokuwa mbele ya tablete na jina lako likikataa, usikubali haraka libadilishwe ili tu lipite. Omba kijana aandike pembeni kwamba jina limebadilishwa na sababu yake, na wewe ubaki na kikaratasi chenye tarehe. Kijana huyo naye atafurahi, kwani lawama yote isije ikamwangukia. Na mlio na simu, pigeni picha ya yale maandishi mekundu. Picha hiyo ndiyo itakayomsaidia mtengenezaji kuona anachopaswa kurekebisha.

Mama Furaha alipata pesa zake mwishowe, baada ya prezida wa kamati ya wahami kwenda naye mwenyewe na karte mkononi mpaka kwa mkubwa wa mradi. Lakini kwenye orodha jina lake bado limeandikwa bila apostrofu. Nilimuuliza kama hilo linamsumbua. Akacheka kidogo, akasema: “Mwandishi, kama ule mtoto wangu wa mwisho ataitwa siku moja aonyeshe mama yake ni nani, atasema ni ule wa kwenye mashini, ama ni miye?”

Swali hilo nalo tuliongeze katika majaribio. Kama unayo lako, la tablete, la simu, la alama ya kidole, pita kwenye redio ama mpe mwandishi yeyote wa kijijini kwako. Nitayakusanya yote na kuyapeleka kwa wanaotengeneza programu, na watakachojibu nitakisoma hewani.